Barua kwa Mama: Albamu ya Kwanza ya Baloji na Desturi ya Kujibu kwa Wimbo

Utangulizi

Ndugu wasomaji, katika vitabu hivi vya shirika letu tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya lulanga ya Bashi na hadithi za jioni pembeni ya moto. Leo tunaomba ruhusa ya kuleta kitu chenye wazee wengi hawatakiita desturi: albamu ya rapu. Inaitwa Hotel Impala. Ilitoka Ubelgiji mwishoni mwa mwaka 2007, na ni albamu ya kwanza ambayo Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliitoa peke yake kwa jina lake.

Kwa nini tulete jambo hilo hapa? Tutasema namna lilivyoanza. Miaka michache baada ya albamu kutoka, tulikuwa walimu wapya hapa Kasha, upande wa Bagira, na kila mwaka tulikuwa tunafundisha ushairi kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho. Watoto walikuwa wanasinzia. Siku moja ndugu mmoja aliyetoka ng'ambo akatuachia diski ya kunakili. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, kwa hiyo tukaichezesha darasani na redio ya mabuye. Wanafunzi walisikiliza kwanza kwa kicheko, sababu walitarajia muziki wa kucheza. Kisha wakanyamaza. Mwishoni kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, ule haimbi. Iko anasoma barua."

Kijana yule hakujua historia ya albamu. Sisi wenyewe tulikuwa bado hatujaijua. Lakini alisema kweli tupu. Hotel Impala ni barua, na tena ni barua ya kujibu barua nyingine. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba albamu hii inastahili heshima kuliko ile iliyopata, hasa kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo. La pili, kwamba inatufundisha kitu juu ya desturi yetu ya zamani ya mtoto kujieleza mbele ya wazazi kwa wimbo: ni nini wimbo unaweza kufanya, na ni nini hauwezi.

1. Jina ambalo watu wanaliogopa

Tuanze na jina, sababu kwetu mtu huanza na jina. Baloji si jina la kujipachika kwa ajili ya jukwaa kama marapa wengi wanavyofanya. Ni jina lake la kuzaliwa: Baloji Tshiani, aliyezaliwa Lubumbashi mwezi wa tisa mwaka 1978.

Msomaji wa Bukavu akisikia jina hilo hahitaji mkalimani. Kwa Kiluba baloji ni walozi. Kwa Mashi tunasema abalozi. Kwa Kiswahili cha vitabu ni walozi, na kitendo chenyewe ni kuloga au kuroga. Ni mzizi mmoja ambao umetembea katika lugha zetu nyingi za kibantu, na kila mahali umebeba hofu ileile. Fikirini mtoto anayeitwa hivyo darasani! Kule Liège wenzake wazungu hawakujua maana yake. Lakini kati ya Wakongo, kutaja jina hilo ilitosha watu waangaliane.

Baloji mwenyewe ameeleza mara nyingi katika mahojiano kwamba maana haikuwa hiyo tangu mwanzo. Anasema zamani neno lilimhusu mtu mwenye elimu ya kuponya na kujua mambo, na kwamba ni wakati wa ukoloni na dini mpya ndipo liligeuka kuwa la uchawi tu. Sisi hatutaingia sana katika ubishi wa wataalamu wa lugha. Kwa upande wetu wa Bushi, wazee walitofautisha omufumu, mwenye kupiga ramli na kuganga, na omulozi, mwenye kudhuru watu kwa siri. Lakini ni kweli kwamba mahubiri ya misioni mara nyingi yaliwatia wote katika gunia moja: mganga, mpiga ramli, mlozi, wote ni watu wa shetani. Neno moja likameza mengine.

Na jambo hili si mchezo wa maneno. Tangu miaka ya 1990 kule Kinshasa watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi, wakaishia barabarani. Hapa kwetu Kivu ya Kusini mara kwa mara bibi wazee wameshikwa na vijana, wamepigwa, wengine wamechomwa moto, kwa sababu mtu alikufa katika mtaa na ilibidi apatikane wa kushitakiwa. Kwa hiyo msanii anayekubali kusimama mbele ya watu na jina hilo bila kulificha, akaliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada, anafanya jambo zito. Anasema: mimi ndiye yule mliyeambiwa mumwogope, sasa nisikilizeni. Miaka 16 baadaye alirudia hoja hiyohiyo katika filamu yake Augure, juu ya mtu anayerudi Kongo kutoka Ubelgiji na kupokelewa na jamaa yake kama mlozi. Filamu ile ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 na kupewa tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard. Dunia ilishangilia. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa kwenye diski ya 2007.

2. Hoteli ya baba

Sasa tuje kwenye jina la albamu. Hotel Impala ni jina la hoteli ya baba yake mjini Kolwezi, mji wa shaba, safari ya kilomita kama 300 kutoka Lubumbashi. Hoteli ile iliangamia mikononi mwa familia katika fujo za miaka ya 1990.

Ili kijana wa leo afahamu maana yake, inabidi tukumbuke historia kidogo. Katanga ilijengwa na madini. Kampuni ya Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi, ikawapanga katika kambi. Humo kambini ndimo Kiswahili kilipokomaa kuwa lugha ya mji, lugha ya mtu asiye na kabila moja na jirani yake. Ndiyo maana mtoto mwenye jina la Kiluba anaweza kuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza ya mama yake. Sisi wa Bukavu tunakielewa Kiswahili kile, hata kama tunacheka namna wanavyokivuta.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, pale Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walianzisha uporaji Kinshasa, ukaenea miji mingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Maelfu walilala katika stesheni za treni wakingoja gari la kuwapeleka katika nchi ya mababu ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Kufika mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Maduka, hoteli, nyumba, vyote vya watu vilipotea.

Baloji hakuyaona haya kwa macho. Baba yake alikuwa amemchukua kwa mama na kumpeleka Ubelgiji kunako mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Alifikia Ostend, mji wa bahari, kisha akakulia Liège. Mawasiliano na mama yalikatika. Kwa hiyo hoteli inayotajwa kwenye jalada ni hoteli ya kusikia tu, mali ya baba ambayo mtoto hakuirithi. Nasi tunaona kwamba amechagua vizuri. Hoteli ni mahali gani? Ni mahali pa kupita. Unalala, unalipa, unarudisha ufunguo, hakuna anayeuliza wewe ni mwana wa nani. Mtoto aliyepelekwa ng'ambo na kuachwa huko aliishi Ulaya yote kama hoteli.

3. Barua ya mama

Kule Liège kijana alikua vigumu, akatoka nyumbani mapema, akaingia katika kundi la marapa lililokuja kuitwa Starflam. (Wanafunzi wetu walifurahi sana walipogundua kwamba ukilisoma jina hilo kutoka nyuma unapata malfrats, yaani majambazi kwa Kifaransa.) Kundi lile lilipata sifa kubwa Ubelgiji, hasa na albamu Survivant ya mwaka 2001. Baloji aliondoka humo mwaka 2004, na akaona kama mambo ya muziki yamekwisha.

Kisha barua ikafika. Baada ya miaka kama 25 ya kimya, mama alimwandikia kutoka Lubumbashi. Alitaka kujua mwanawe amekuwa nani.

Wasomaji wa Kivu, tusipite haraka hapo. Ni nani kati yetu hajui barua ya namna ile? Sisi tuliokuwa watoto mwezi wa kumi mwaka 1996, Bukavu ilipoangukia vita, tunakumbuka karatasi za Msalaba Mwekundu: maneno machache, habari za jamaa tu, bila siasa, na jina la mtu unayemtafuta ambaye hujui kama yuko Kisangani, Tanzania ao chini ya udongo. Tunakumbuka kwenda kwenye foni na kungoja zamu, ili kulia kwa sauti mbele ya watu wote: "Uko mzima? Nakusikia!" Na tangu mwezi wa pili 2025, vita ilipofika tena mjini kwetu, jamaa nyingi zimetawanyika upya. Kwa hiyo mama anayeuliza "mwanangu, umekuwa nani?" kwetu ni jirani wa parsele inayofuata.

Baloji alifanya nini? Hakuandika ukurasa mmoja. Alitengeneza albamu nzima. Amesimulia pia kwamba wimbo wa Marvin Gaye juu ya kurudi nyumbani, I'm Going Home, ulikuwa kati ya mambo yaliyomrudisha kwenye kalamu. Na tazameni mambo ya Mungu: Marvin Gaye, Mmarekani mkubwa wa muziki wa soul, alikimbilia Ostend mwaka 1981, akakaa huko hadi 1982. Mtu mzima aliyechoka na mtoto wa Lubumbashi aliyeondolewa kwa mama walifika karibu wakati mmoja katika mji mmoja mdogo wa baridi. Ndiyo maana hatushangai kuona katika albamu wimbo uitwao Ostende Transit. Transit ni neno la uwanja wa ndege na la kambi ya wakimbizi.

Nyimbo zenyewe nyingi ni za Kifaransa, maneno mengi, yamebanana, juu ya muziki uliochanganya rapu na soul na gitaa za nyumbani. Ni hesabu ya maisha: utoto, shule, polisi, karatasi za ukaaji, wenzake, makosa yake mwenyewe. Hajipambi. Rapa wengi katika albamu ya kwanza hujisifu kuwa ni wafalme. Huyu anatoa ripoti kwa mama yake kama mtoto aliyeulizwa: siku zote hizo ulikuwa wapi?

Tunataka kutaja nyimbo mbili tu. Ya kwanza ni Tout ceci ne vous rendra pas le Congo, maana yake "haya yote hayatawarudishia Kongo". Wabelgiji wana msemo wao wa kujitania, kwamba mambo yote hayo hayatatu-rudishia Kongo, na televisheni yao iliutumia kama jina la kipindi. Baloji amebadili herufi moja, "sisi" imekuwa "ninyi", na mara moja mzaha wa nyumba ya mkoloni umegeuka kuwa neno la mtu aliyetoka katika nchi yenyewe. Mwalimu wa lugha akitaka kufundisha nguvu ya kiwakilishi kimoja, asitafute mfano mwingine.

Ya pili ni Nakuenda. Katika diski ya Kifaransa, jina hili ni la Kiswahili, na si Kiswahili cha kamusi. Ni cha mdomo. Mwalimu wa sarufi angechukua kalamu nyekundu. Sisi tunaomba kalamu ibaki mfukoni. Mtoto aliondoka na miaka mitatu. Lugha aliyobeba ni ile iliyoingia sikioni kabla hajajua kusoma. Anapotaka kumwambia mama kwamba anakuja, hawezi kusema kwa Kifaransa. Njo pale tunasikia kwamba albamu hii ni yetu pia.

4. Mtoto ndani ya ngoma

Wapo watakaosema: rapu ni ya Wamarekani, msitudanganye kwamba ni desturi. Tunawajibu kwa upole. Hatusemi kwamba babu zetu walikuwa marapa. Hiphop ilizaliwa Bronx, New York, katika miaka ya 1970, na tuwaachie wenyewe heshima yao. Tunachosema ni kwamba mtu anapochukua chombo cha ugeni, anakipiga kwa mkono aliozaliwa nao.

Waluba wa Kasai wana kasala, maneno marefu ya kuimbwa ao kusemwa, hasa penye msiba na penye sifa. Mwenye kasala hataji mtu peke yake: anataja waliomzaa, waliokufa, mahali walipopita, mpaka jina linasimama na ukoo mzima nyuma yake. Mtu aliyetengwa na ukoo wake anayekaa chini kupanga majina ya miji, ya watu na ya makosa, na kuyasema yote mbele ya mama, anafanya kazi iliyo jirani sana na ile.

Na hapa Kivu tuna mfano ulio karibu zaidi. Ni hadithi ya Mwindo ya Wanyanga wa upande wa Walikale. Mwaka 1956 fundi wa hadithi Shé-Kárisi Rureke aliisimulia na kuiimba siku nyingi mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, na ikachapishwa mwaka 1969 kwa msaada wa Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe. Chifu Shemwindo wa Tubondo hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa. Baba akamrushia mikuki, ikashindwa. Akamzika, akatoka. Mwishoni akaamuru afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa majini. Na mtoto yule, ndani ya ngoma, anafanya nini? Anaimba. Anataja jina lake, anamsema baba yake, anatangaza kwamba anaenda kwa shangazi yake Iyangura. Ngoma iliyotengenezwa iwe jeneza inakuwa chombo chake cha muziki.

Tulipowasimulia wanafunzi hadithi hiyo baada ya kusikiliza Hotel Impala, hawakuhitaji maelezo. Mtoto ambaye baba amempeleka mbali, amefungiwa katika nchi ya baridi, anapiga ngoma kutoka ndani.

Lakini tusisahau sehemu ya pili ya Mwindo. Rureke hakuimba peke yake. Palikuwa na wapigaji na waitikiaji, na watu waliokaa kuzunguka. Na hadithi haiishi mtoto anapomaliza kulalamika: Mwindo anamfuata baba hadi kuzimu, anamrudisha, wanakaa mbele ya watu, baba anakiri kosa lake, wanagawana utawala. Kwa desturi yetu wimbo wa mtoto unadai kitikio. Wimbo bila kitikio ni nusu.

5. Diski inapofika kwa mama

Hapo ndipo historia ya albamu hii inapouma. Baloji alisafiri hadi Lubumbashi kumwona mama na kumpa zawadi yake. Yeye mwenyewe amesimulia bila kuficha kwamba mkutano haukuwa kama alivyouota. Yeye alileta diski, jasho lake lote. Mama alikuwa anangoja mwana kutoka Ulaya, mwana mwenye wajibu, wa kusaidia nyumba na wadogo zake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sanaa ya mtoto na njaa ya nyumba zilikaa kwenye kiti kimoja, na hazikuwa na neno la kuambiana.

Wengine wanaposikia hivyo wanamlaumu mama kwamba anapenda pesa. Sisi tunakataa kabisa. Mama aliyekaa miaka 25 bila mwana, katika mji ambao kazi za shaba zimekufa, ana haki ya kuuliza chakula kabla ya kusifu mashairi. Wengine wanamlaumu mtoto. Hapana vile vile: alijibu kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Kosa, kama ni kosa, liko katika ile njia ndefu kati yao. Albamu ilidhani inaweza kuruka njia ile kwa dakika sitini ao zaidi za muziki.

Tunaamini pia kwamba jambo hili ndilo lililozaa yote mazuri yaliyofuata. Baloji alirudi Kinshasa, akazichukua nyimbo kadhaa za Hotel Impala, akazirekodi upya na wanamuziki wa pale, kati yao Konono N°1 wenye likembe zao za umeme. Albamu ile, Kinshasa Succursale, ilitoka Ubelgiji mwaka 2010 na ikasambazwa duniani mwaka 2011. Ndani yake mna Siku ya Baadaye, ambamo amejenga juu ya Indépendance Cha Cha, wimbo wa Grand Kallé na African Jazz wa mwaka 1960, ili kuuliza miaka 50 ya uhuru imetufikisha wapi. Wataalamu wa muziki wa dunia waliisifu kuliko ya kwanza, na kwa upande wa muziki hatubishani nao. Kwa nini ina uhai zaidi? Sababu safari hii kuna waitikiaji. Mtoto haimbi tena peke yake ndani ya ngoma.

Mwaka 2018 akatoa albamu nyingine, 137 Avenue Kaniama. Hayo si maneno ya mapambo: ni anwani ya Lubumbashi ambako barua ya mama ilitoka. Tukiziweka diski hizo mbili mezani, tunaona safari nzima: ya 2007 ina jina la hoteli ya baba, ya 2018 ina anwani ya mama. Ilimchukua miaka 11 kutoka mahali pa kupita hadi mahali pa kukaa, walau kwa jina.

6. Kwa nini haikusikika kwetu

Tuseme kweli: hapa Bukavu albamu hii haikusikika. Redio zilikuwa zinapiga ndombolo ya Kinshasa na bongo fleva kutoka Dar es Salaam, na nyimbo za kuabudu siku ya Mungu. Kijana wa Kasha alimjua Professor Jay kuliko mtoto wa Lubumbashi. Kifaransa cha albamu ni kigumu, maneno yanakimbia, na kuna nafasi ambapo hata sisi wenye diploma tulirudia mara tatu ndipo tukashika maana. Diski halali haikufika sokoni. Na haichezeki harusini! Kule Ulaya nako ilipata sifa zake, lakini baada ya 2011 ilifunikwa na mtoto wake mwenyewe. Leo mwenye kuandika juu ya Baloji anataja filamu, anataja mavazi, anataja Kinshasa Succursale. Hotel Impala inatajwa kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja shule ya msingi aliyosoma.

Sisi tunasema: shule ya msingi ndiyo iliyomfundisha kusoma. Albamu ya kwanza ina kasoro. Ni ndefu, inataka kusema yote kwa pumzi moja. Lakini ni hiyo peke yake iliyoandikwa kabla ya jibu kujulikana. Zile zilizofuata ziliandikwa na mtu aliyekwisha kumwona mama. Hii iliandikwa na mtu anayegonga mlango bila kujua nani atafungua. Hofu ile na matumaini yale haviwezi kurekodiwa mara ya pili, hata ukiita wapigaji bora wa Kongo nzima.

Kwa kumaliza

Ndugu wasomaji, tunatoa maombi mawili. Kwa wazee na viongozi wa shirika letu: tunapokusanya desturi, tusiishie kwenye vitu ambavyo vimekwisha kukauka. Swali la Mwindo, mtoto aliyekataliwa anarudije nyumbani, bado linaulizwa leo, na linaulizwa kwa chombo ambacho vijana wanacho mkononi.

Kwa vijana wa Kasha wanaorekodi rapu zao katika vyumba vidogo, na wanaoahidi mama zao kwamba muziki utajenga nyumba: sikilizeni Hotel Impala. Jifunzeni namna ya kusema ukweli wenu bila kujipaka rangi, na kutumia Kiswahili cha mama bila haya. Kisha jifunzeni na ile safari ya Lubumbashi. Wimbo ni barua nzuri, lakini barua haiteki maji, haikai na mama jioni. Mwenye kuimba "nakuenda" inabidi siku moja ashike njia.

Na kwa wale wenye mtu mbali, na siku hizi ni nani asiye na mtu mbali, tunasema tu: andikeni. Mama yule wa Lubumbashi alingoja miaka 25, kisha akachukua kalamu. Bila karatasi ile moja, hata hivi tulivyosema hapa visingekuwapo.